Teke la Gia ya Pili

Mwaka wa 1972 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Baba alikufa wakati wa masika. Kabla matanga hayajaanuliwa, ami zangu walikuwa wamekwisha kugawana minazi yetu kule Kaloleni, huu wako, ule wangu, na mama akabaki na mkeka na sufuria mbili. Akatuchukua watoto wanne akatuleta Changamwe, chumba kimoja cha udongo. Darasa la tatu nililiacha katikati. Kusoma nimejisomea mwenyewe kwenye maboksi ya vipuri na magazeti ya kufungia vitumbua, kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya, ni mimi. Asiyetaka aende akasome kingine.

Nawaandikia ninyi mnaoshika spana siku hizi, wa Changamwe, wa Likoni, wa Kisauni, mliovaa ovaroli jana na leo mwajiita mafundi. Sina ubaya nanyi. Lakini wengi wenu mwajua kung'oa na kupachika, hamjui kwa nini. Mimi nimefungua na kufunga giaboksi za otomatiki miaka thelathini na saba. Nilipoanza, upande huu wote wa bara watu waliziogopa kama jini. Gari la otomatiki likiharibika, fundi alitia giaboksi ya mkono, akakata tundu la pedali ya klachi, akampa mwenyewe gari akamwambia Mungu mkubwa. Mimi nikasema hapana, chuma hiki kimetengenezwa na mtu, na mtu atakitengeneza. Leo mkisikia jina la Karisa wa giaboksi, mjue sikupewa na mtu.

Nasema uongo. Nilipewa na mtu mmoja. Bwana Swaleh alikuwa Mswahili wa Mji wa Kale, mwembamba, kofia yake nyeupe hata ndani ya mafuta, na alikuwa amefanya kazi kwenye kreni za bandari kabla ya kufungua gereji Changamwe. Nilimwendea nikiwa na miaka kumi na tisa, mikono imejaa malengelenge ya kubeba magunia kwenye magodauni. Nikamwambia nataka kazi ya chuma. Akaniuliza, "Weye chuma wakijua?" Nikasema nitakijua. Akanicheka, kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo ndiyo kazi yangu nzima: "Chuma usikitizame sana, mwanangu. Tizama mafuta. Giaboksi ya otomatiki ni mafuta yanayosukumwa, chuma chafuata."

Na ni kweli. Ndani ya giaboksi hiyo mna sahani za klachi zimepangwa kama chapati. Mafuta yakisukumwa kwa nguvu nyuma yake, sahani zabanana, gia yashika. Mafuta yakiachiliwa, zaachana. Anayeamua yaende wapi ni kipande cha aluminiamu chenye vijia vingi kama vya mchwa, ambacho sisi twakiita ubongo. Ndani ya ubongo mna vali ndogo, springi, na goroli za chuma. Uchafu mdogo tu, vali yakwama, na gari lakwama nayo.

Mara ya kwanza kuufunga ubongo peke yangu niliufuta kwa kitambaa cha leso kuukuu, mpaka ukang'aa. Nikajisifu. Gari likakataa kwenda mbele, likarudi nyuma tu, kama kaa. Bwana Swaleh akafungua, akatoa uzi mmoja wa leso kwa koleo, mdogo kama unywele wa mtoto, akaubandika kwenye mfuko wa shati langu kwa gundi. Nikatembea nao wiki nzima, na kila aliyeuliza ilinibidi nimweleze. Msifute ubongo kwa kitambaa chenye nyuzi. Oshea petroli safi, pulizia upepo, basi.

Mara nyingine goroli moja ilinidondoka, ikabingirika chini ya meza, na kabla sijainama kuku wa mama aliyetuuzia chai ameshaidonoa. Nikasimama pale nikimtazama kuku naye akinitazama. Bwana Swaleh alimnunua yule kuku, akamchinja mwenyewe, tukaipata goroli ndani ya firigisi. Akaiosha, akaipima, akaipachika. Kuku tukamla na wali. Gari lile lilitembea miaka mingi na mwenyewe hakujua kamwe goroli yake ilipita wapi.

Lakini nilikaa kuwaandikia jambo la ugumu wa gia, maana hapo ndipo fundi ajulikanapo.

Gia ikibadilika, kuna namna mbili za kuharibu. Ukiiacha laini mno, sahani zateleza kabla ya kubana, zasuguana, zaungua. Dereva hahisi kitu, asifu gari laenda kama maziwa, na kumbe kila akitoka kwake aunguza sahani. Baada ya miezi mafuta yawa meusi na kunuka kama ugali ulioshika sufuria. Ukiifanya ngumu mno, sahani zabana kwa ghafla, gari lapiga teke. Sahani hazitaungua, lakini utavunja kitu kingine, na mimi nitawaambia nilivunja nini.

Ugumu huo waurekebisha mahali kadhaa. Kuna kebo itokayo kwenye gesi, pedali ya mwendo, kwenda giaboksi. Ukiikaza, mafuta yasukumwa kwa nguvu zaidi na gia yachelewa na kushika kwa nguvu. Ukiilegeza, yawahi na kuwa laini. Kuna bati la matundu lililo kati ya ubongo na mwili wa giaboksi, na mafuta ya kila gia hupita kwenye tundu lake. Ukilitanua tundu, mafuta yaingia mbio, gia yashika kwa nguvu. Na kuna kijipistoni kilicho na springi, kazi yake ni kumeza mafuta kidogo wakati gia yaingia, ili sahani zibane taratibu. Ukikizuia kisimeze, teke. Mwisho ni nafasi kati ya sahani zenyewe, ambayo waipima kwa fila, vile visu vyembamba. Nafasi ikiwa kubwa, hata ufanye nini kwingine, gia itaingia kwa kishindo.

Mimi nilipenda gia ngumu. Nasema wazi. Baada ya Bwana Swaleh kufariki na gereji kuwa yangu, kila giaboksi iliyopita mikononi mwangu nilitoboa bati lake, tundu la gia ya pili na ya tatu, na kijipistoni cha gia ya pili nikakizuia kwa kipande cha chuma. Wenye teksi walinipenda. Wa kutoka Miritini mpaka Kipevu walijua, gari likibadilisha gia na shingo ikarudi nyuma, hilo limetoka kwa Karisa. Ilikuwa sahihi yangu. Kulikuwa na fundi mwingine Kisauni, Mkamba, jina lake Mutua, giaboksi zake laini, na mimi nilimpachika jina Fundi Uji. Jina likamkaa. Niliwacheka wateja wake nikiwaambia warudi mwaka ujao na sahani zao zilizoungua.

Basi kama miaka tisa iliyopita akaja Kabibi.

Kabibi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anakaa Bombolulu, ashona mikoba na viatu vya ngozi. Polio ilimpata akiwa mtoto. Miguu haikuwa na nguvu, na kiuno na tumbo navyo vilikuwa dhaifu, atembea kwa magongo mawili. Alikuwa na gari dogo la Kijapani, otomatiki, na fundi wa kuchomelea alimtengenezea mkono wa chuma kando ya usukani: ukiuvuta kwako, gesi, ukiusukuma mbele, breki. Kila Ijumaa alipakia mikoba yake, akavuka feri ya Likoni, akaenda kuiuza kwenye maduka ya Ukunda. Kabla ya gari hilo alikuwa akibebwa, mtu amshike huku, mwingine kule, kutoka gari moja kuingia jingine, kama gunia. Aliniambia hayo bila kujihurumia, kama mtu asimuliaye mvua. Giaboksi yake ilikuwa imeungua. Nikamwambia ni kazi ya siku nne, na ikitoka kwangu haitaungua tena.

Nikaifungua, nikatia sahani mpya, nikazilowesha mafuta usiku mzima kama inavyotakiwa, na nyinyi msisahau hilo, sahani kavu yaungua siku ya kwanza. Nikatoboa bati. Nikazuia kijipistoni. Wakati wa kuliendesha kulijaribu, ule mkono wa chuma ulinigonga goti kila nikikanyaga pedali, nikafungua bolti zake mbili nikauweka kiti cha nyuma. Nikarekebisha kebo, nikaenda mpaka Mazeras na kurudi. Gia ya pili ilipiga kama ngoma. Nikarudi nimefurahi. Nikaufunga mkono wake, nikampigia simu.

Ijumaa ile saa tano asubuhi gari likarudi. Aliyeliendesha ni nduguye, Chengo, na Kabibi alikuwa amekaa kando, magongo mapajani. Chengo ndiye aliyeanza, akasema hili gari liuzwe leo leo, amechoka kuishi na roho juu. Kabibi akamwambia tutakuuza wewe kwanza, tuone kama utapata mnunuzi. Kisha akanigeukia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mamangu. Kuna nini?"

"Nataka kujua gia hii ni ya nani. Mimi nilileta gari langu, wewe umenirudishia la vijana wa teksi."

Akanieleza taratibu. Walishuka feri upande wa Likoni. Mwajua pale, ngazi ya feri, ule mwinuko wa zege, yapanda, na mbele ya magari watu wametanda wanatembea, wenye mizigo, wenye watoto. Alivuta gesi kidogo apande. Gia ya pili ikaingia, gari likapiga teke, mgongo wake ukarudi nyuma kwa kuwa hana tumbo la kuuzuia, na mkono wake ukarudi pamoja na mgongo. Na mkono ukirudi nyuma, ni gesi. Gari likaruka. Akapata kuusukuma mkono mbele kwa nguvu zote, breki ikashika, na gari likasimama limegusa vishikio vya mkokoteni wa machungwa. Mwenye mkokoteni alikuwa kati ya mkokoteni na boneti, amepandisha mguu mmoja juu. Hakuumia. Machungwa yalibingirika mpaka majini. Watu wakalizunguka gari, na mzee mmoja akachungulia dirishani, akaona magongo, akasema kwa sauti watu wote wasikie kwamba mtu kama huyu nani alimpa gari.

Mimi nikafanya lile ambalo fundi mwenye jina hufanya. Nikakataa. Nikamwambia nimeliendesha mwenyewe mpaka Mazeras, halina kosa.

"Uliliendesha kwa nini?"

"Kwa nini vipi?"

"Kwa mguu," akasema. "Uliendesha kwa mguu, fundi."

Chengo alitaka kuongeza lake, Kabibi akamzuia kwa kidole. Akasema hana haja ya kugombana. Ataka kujua jambo moja tu: gari hili laweza kutengenezeka alipande tena ngazi ya feri, au aliuze arudi kubebwa. Niseme ukweli.

Vijana, nimefokewa na matajiri, nimetishwa na askari, sikutikisika. Siku ile nilitikisika. Nikamwomba ufunguo.

Sikuufungua ule mkono. Nilichukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikafunga miguu yangu pamoja chini ya kiti. Kabibi akakaa kando yangu. Tukaingia barabara ya nyuma ya magodauni, ambapo kuna mwinuko mfupi na hapapiti watu saa hizo. Nilijikaza nikaendesha vizuri, nikaanza kuwaza huyu mwanamke adeka.

"Wajizuia kwa tumbo," akaniambia. "Mimi hilo tumbo sina. Liachilie."

Nikaliachilia. Nikakaa kama nguo iliyotupwa juu ya kiti. Nikavuta gesi, tukaanza kupanda, gia ya pili ikaingia, na kumbe ilivyopiga. Mgongo nyuma, mkono nyuma, gari likaruka kama limechomwa. Nikatafuta pedali ya breki kwa miguu iliyofungwa. Miaka yote hiyo ya kuendesha, miguu yenyewe ndiyo iliyofikiria. Nilipokumbuka kusukuma mkono, tulikuwa tumeingia katika rundo la matairi la jamaa wa kuziba pancha. Tairi moja likapanda juu ya boneti likakaa.

Kabibi akalitazama tairi, akanitazama.

"Sasa ndiyo umeendesha gari langu," akasema.

Kazi ya kurekebisha ilinichukua siku sita, na nitawaeleza yote, maana hamtaipata kwenye video.

Kwanza kebo. Nilikuwa nimeirekebisha mkono wa chuma ukiwa umefunguliwa. Ulipofungwa, uzito wake tu, bila mtu kuushika, uliivuta gesi kidogo, na kebo nayo ikavutika upana wa kidole. Giaboksi ikadhani dereva amekanyaga gesi wakati wote, ikasukuma mafuta kwa nguvu wakati wote. Nikatia springi ya kuubeba uzito wa mkono, kisha nikairekebisha kebo upya mkono ukiwa mahali pake. Kosa la kitoto. Kaeni mlijue: gari hurekebishwa likiwa kamili, pamoja na kila kitu ambacho mwenyewe hukitumia.

Pili nikakiachilia kijipistoni, nikatia springi yake ya asili. Nikajaribu. Teke lilipungua, lakini bado lipo. Bati nililitoboa, na mafuta bado yaliingia mbio. Springi yaweza kumeza kiasi chake tu.

Sasa tundu ukishalitanua hulirudishi. Nikaenda stoo yangu kutafuta bati jingine la aina ile. Nilikuwa nayo saba, yametundikwa kwenye waya. La kwanza limetobolewa. La pili limetobolewa. Yote saba, vijana, kwa drili yangu na mkono wangu. Kila giaboksi iliyokufa nilichukua bati lake nikalitanua nikalitundika, nikijiwekea akiba ya ufundi wangu. Nikazunguka kwa wauza vyuma chakavu wa Miritini, sikupata. Nilijua ni nani aliye na bati lisilotobolewa. Mtu asiyetoboa kitu chochote.

Nikaenda Kisauni kwa Fundi Uji.

Mutua aliniona naingia akaacha kazi. Wafanyakazi wake watano nao wakaacha. Nikamsalimu, akaitika kwa adabu. Nikamweleza nilichotaka, nikamwambia na sababu yake, sikuficha. Akaingia ndani, akatoka na bati safi, limefungwa karatasi ya mafuta. Hakunipa. Akasema bei hataki, ataka neno.

"Neno gani?"

"Sema mbele ya hawa kwamba uji nao ni chakula."

Wale watano wakatazama chini, mabega yakitetemeka. Nikawaza niondoke. Nikakumbuka yule mzee aliyechungulia dirishani. Nikasema. Nikasema kwa sauti, tena nikaongeza kwamba kwa mgonjwa na mtoto hakuna chakula kizidicho. Mutua akanipa bati, akaagiza chai. Tukazungumza mpaka adhuhuri, na nikagundua ya kwamba haziachi sahani zake ziungue hata kidogo. Alikuwa akipunguza nafasi kati ya sahani mpaka ndogo kabisa inayoruhusiwa, ili gia iwe laini lakini ibane upesi. Miaka yote ile nikimcheka, alikuwa akiijua njia nisiyoijua. Nilirudi Changamwe nikiwa na bati mkononi na hasira kichwani, hasira juu yangu mwenyewe.

Nikafungua giaboksi ya Kabibi upya. Nikatoa sahani ya chuma moja, nikatia nyingine nene kidogo, nikapima kwa fila mpaka nikapata nafasi ndogo. Bati safi la Mutua. Springi ya asili kwenye gia ya pili. Gia ya tatu na ya nne nikazipa ugumu kidogo kwa springi ngumu zaidi, kwa sababu huko gari liko mbio, teke halimfikii mtu. Hiyo ilikuwa yangu mimi, si ya Mutua wala ya Bwana Swaleh: kila gia kupewa ugumu wake, kwa kumtazama mtu atakayeiendesha. Niliifikiria mwenyewe, nimelala chini ya gari, na mpaka leo najivunia.

Ijumaa nikamwambia Kabibi aendeshe yeye, mimi nitakaa kando. Chengo alikataa kuja. Tukaenda na mikoba yake nyuma, harufu ya ngozi mpya imejaa garini. Kwenye feri aliushika ule mkono kwa vidole vyote. Feri ikagonga Likoni, watu wakatoka kwanza, wakatanda ngazi nzima, mbele yetu mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Mlinzi akatupungia tutoke.

Mimi sikutazama barabara. Nilitazama mkono wake. Akavuta. Gari likaanza kupanda, injini ikapanda sauti, ikapanda, ikashuka. Mkono haukusogea. Yule mama mwenye ndoo aliendelea kutembea na wala hakugeuka.

"Imeingia?" Kabibi akaniuliza.

"Imeingia."

Tulipopita msongamano wa juu akaniambia nimenyamaza sana, kama niko kwenye mtihani. Nikamwambia ndiyo, na nimepita. Akasema nisijipe alama mwenyewe, tusubiri mwezi uishe tuyatazame mafuta. Mwezi ukaisha nikavuta kijiti cha mafuta. Mekundu, hayana harufu. Mwaka ukaisha, bado mekundu. Nikamwonyesha Chengo naye akanusa, akarudisha kijiti mahali pake.

Tangu siku hiyo gari halikuingia gereji kwangu ila mwenyewe ameliendesha kwanza mimi nikiwa kando. Mzee mwenye maumivu ya mgongo, mama mjamzito, dereva wa kubebea mayai, dereva wa teksi anayetaka shingo irudi nyuma, kila mmoja na ugumu wake. Bado nilitoboa mabati, kwa aliyetaka. Lakini niliuliza. Na waliposema kwamba Karisa amezeeka amekuwa laini, niliwaambia njooni muone mafuta.

Ninyi mwaniambia mambo hayo yamepitwa, siku hizi ni kompyuta, fundi apachika waya na kutazama laptopu. Sawa. Lakini sikizeni. Giaboksi ya sasa yajifunza mguu wa dereva. Ukimaliza kuitengeneza, wafuta ilichojifunza, yaanza upya. Na mwafanya nini? Mwaenda na gari mjini siku mbili, mwalikimbiza, mwajionyesha, kisha mwampa mama wa watu gari lililojifunza mguu wa kijana wa miaka ishirini na miwili. Halafu akilalamika mwamwambia halina kosa. Futeni, mpeni ufunguo, kaeni kando, alifunze mwenyewe. Kompyuta haikuwaondolea kazi hiyo. Na kama ana mkono wa chuma, ama mguu mmoja, ama mgongo mbovu, msifungue kitu chake hata bolti moja.

Nimestaafu kwa sababu ya magoti, si kwa kushindwa. Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya mawe Miritini, vyumba vitatu, bati jipya. Vyumba vinne vya wapangaji nyuma yake, na tangi la maji la lita elfu tano. Mbuzi tisa. Gereji ya Changamwe, ambayo wanangu wawili waiendesha, pamoja na presi yake, jeki tatu na seti mbili za fila. Gari moja, otomatiki, nimeitengeneza mwenyewe giaboksi. Watoto sita waliosoma kunishinda. Rafiki mmoja Kisauni, Mutua. Na mkoba wa ngozi wa kutilia spana, wenye mifuko kumi na sita, umeshonwa Bombolulu. Kabibi aliuleta mwenyewe, akiendesha.